D ya BAM: Kisa cha Binti wa Tanga Aliyeomba Uchumi Bila Hisabati ya Juu

Mjomba wake aliegemeza baiskeli ukutani, akatoa bahasha ya kaki chini ya shati, akaniambia kabla hata ya kuketi: "Mwalimu, mtoto kakosa."

Ilikuwa mwishoni mwa Agosti, alasiri. Mimi hufundisha tuisheni ya hesabu jioni hapa Ngamiani, na kwa sababu nilisoma shahada ya uchumi, watu wa mtaani huniletea matokeo ya watoto wao kama wanavyopeleka cheti cha hospitali kwa nesi jirani. Mjomba huyu anauza spea za baiskeli. Ndiye aliyemlea binti tangu darasa la nne, na ndiye aliyemfanyia maombi ya chuo, kwa kuwa mwenyewe alikuwa kambini JKT kwa mujibu wa sheria.

Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya matokeo ya kidato cha sita, tahasusi ya HGE: Historia B, Jiografia C, Uchumi B, Maarifa ya Jumla C, na BAM, ile hesabu ya msingi ya wasiosoma Hisabati ya Juu, D. Divisheni wani, pointi 7. Ya pili ilikuwa jibu la chuo kwa awamu ya kwanza. Chaguo zote tatu, hana sifa.

"Divisheni wani anakosaje, mwalimu?" Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyehesabu akiba yake vizuri kisha akaambiwa noti si halali.

Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa urefu, kwa ruhusa ya binti na mjomba, kwa sababu kila Julai nakutana na wenzake. Kinachowakwamisha mara nyingi si matokeo. Ni mstari mmoja ambao hakuna aliyeusoma mpaka mwisho.

Kilichotokea kwenye steshenari

Matokeo yalipotoka Julai, mjomba alikwenda kwenye steshenari moja wanakofanya maombi mtandaoni. Alijua jambo moja tu: binti anataka uchumi. Kijana wa steshenari akafungua mfumo wa chuo, akaingiza namba ya mtihani, akamuuliza, "Mzee, uchumi upi?" Mjomba akamwambia aweke zenye ajira. Zikawekwa tatu: sayansi ya bima na hesabu za majanga, ile wanayoiita akchuaria, kisha takwimu, kisha uchumi uliochanganywa na takwimu. Ada ya maombi shilingi 10,000 ikalipwa kwa simu. Mfumo ukapokea bila kulalamika.

Zote tatu, katika chuo kile, zilidai Hisabati ya Juu, ile inayoitwa Advance, kama somo la msingi. Binti hakuisoma kabisa. Majibu yaliporudi, yule kijana akamwambia mjomba maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi mno: "Bila Advance, uchumi sahau." Mjomba akaja kwangu akitaka awamu ya pili tuweke kozi yoyote, ili mradi mtoto asikae nyumbani.

Nikamwomba tusifanye haraka. Nikafungua kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kinachotolewa kila mwaka na kupatikana bure mtandaoni. Ni jedwali refu: jina la programu, sifa za kuingia, pointi za chini, idadi ya nafasi, miaka ya masomo. Watu husoma safu ya kwanza na ya mwisho. Kesi nzima iko safu ya sifa.

Kwenye shahada nyingi za uchumi usio na takwimu, maelezo huwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inataja masomo ambayo mwombaji awe na ufaulu wa msingi, yaani A mpaka E, katika mawili kati yake. Uchumi umo, Hisabati ya Juu imo, na mara nyingi Jiografia, Historia, Biashara na Uhasibu navyo vimo. Mtu akifika kwenye maneno Hisabati ya Juu, anafunga kitabu. Sehemu ya pili inakuja baada ya nukta, na maana yake ni hii: iwapo mojawapo ya masomo hayo mawili si Hisabati ya Juu, mwombaji awe na angalau ufaulu wa chini katika BAM ya kidato cha sita, *au* angalau C ya Hisabati ya kidato cha nne. Vyuo hutofautiana kwa maneno na kwa daraja, ndiyo maana lazima usome safu ya chuo chako na ya mwaka wako. Lakini umbo ni hilohilo.

Nikamuuliza mjomba, Hisabati ya kidato cha nne binti alipata nini. D. Basi mlango huo umefungwa. Nikaweka kidole kwenye karatasi ya kidato cha sita: BAM, D. Ufaulu wa chini kabisa wa mtihani ule ni S, na D iko juu yake. Mlango wa pili uko wazi.

Mjomba akaitazama ile D muda mrefu. "Hii?" akauliza. "Hii si haihesabiwi?"

Ana haki ya kuuliza. Divisheni ya kidato cha sita hupigwa kwa masomo matatu ya tahasusi. BAM na Maarifa ya Jumla hayaingii. Kwa hiyo shuleni kipindi cha BAM kinaonekana kama cha kupumzikia. Nimesoma HGE mwenyewe, na nakumbuka tulivyokuwa tukikitoroka. Hakuna aliyetuambia kwamba miaka miwili baadaye ndicho kitakachosimama mlangoni.

Kulikuwa na mkanganyiko mwingine, wa pointi. Kwenye divisheni A ni 1, B ni 2, C ni 3, na ukiwa na chache ndiyo umefaulu zaidi. Ndivyo B, B na C zilivyompa 7. Kwenye udahili wa vyuo mambo yanageuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na aliye na nyingi ndiye aliye mbele. Kiwango cha chini cha kuingia ni pointi 4.0 kwa masomo mawili ya programu. Mjomba alikuwa ameambiwa "pointi nne" na akadhani mtoto wake mwenye 7 amezidi kikomo. Nilipomwonyesha kwamba kwa hesabu ya chuo B mbili zake ni pointi 8, alicheka kwa mara ya kwanza jioni ile.

Ila sikumwacha aamini kwamba 8 zinatosha kila mahali. Zile 4.0 zinakupa ruhusa ya kupanga foleni tu. Kila programu ina idadi ya nafasi, na waombaji wakizidi, wenye pointi nyingi huchukuliwa kwanza. Uchumi kwenye vyuo vikubwa una foleni ndefu, na humo wamo vijana wa EGM, tahasusi ya Uchumi, Jiografia na Hisabati ya Juu, wenye A ya Uchumi na B ya Hisabati ya Juu. Mtoto wa HGE anashindana nao kwa namba zilezile.

D iliyomfuata tangu kidato cha nne

Binti aliporudi kutoka kambini alikuja na mjomba wake, kichwa bado kimenyolewa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Habari ya jeshi?"

Nilimuuliza kwa nini HGE na si EGM. Akanijibu moja kwa moja: hakuchagua. Kidato cha pili na cha tatu shule yao haikuwa na mwalimu wa hesabu kwa muda mrefu, na aliyekuja kidato cha nne alikimbizana na mada. D ikatoka hapo. Kuingia tahasusi yenye hesabu hutakiwa C, kwa hiyo EGM haikuwahi kuwa yake. Uchumi wenyewe alikutana nao kidato cha tano kwa mara ya kwanza, kwa kuwa kidato cha nne hapakuwa na somo hilo, na akaupenda.

Nikamuuliza, kwa nini uchumi? Nilitarajia jibu la ajira. Akaniambia habari ya babu yake.

Babu alikuwa mkata mkonge, huko njia ya Muheza. Alimsimulia kwamba zamani Tanga ilikuwa pesa: mabehewa ya katani hayakatiki kwenda bandarini, duka la kila Mhindi limejaa. Kisha yote yakapungua, na babu alikuwa na sababu yake moja: mashamba yalitaifishwa mwaka 1967. Kidato cha sita, kitabu cha historia kikampa sababu nyingine: nyuzi za plastiki, polipropilini, zilichukua soko la kamba duniani. Tanganyika ilikuwa ikiongoza dunia kwa mkonge. Mwaka 1964 uzalishaji ulifika tani 230,000 hivi, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa karibu tani 20,000.

"Sasa mwalimu," akasema, "mimi nataka kujua ni kipi zaidi. Kutaifisha au plastiki? Kiasi gani ni hiki na kiasi gani ni kile?"

Nilinyamaza kidogo, kwa sababu swali lile ni zuri na kwa sababu lilikuwa na jibu la jambo alilokuwa akilikwepa. Ukisema *kipi*, unaweza kujibu kwa insha. Ukisema *kiasi gani*, umeshaingia kwenye hesabu, na hakuna njia ya pembeni.

Huo ndio msimamo wangu katika jambo hili zima, na natofautiana na pande mbili. Wako wanaowaambia watoto kwamba uchumi ni maneno, ni siasa yenye grafu. Hao wanawapeleka vijana mwaka wa kwanza wakaungue kwenye hisabati kwa wanauchumi, takwimu na ekonometria. Na wako wanaosema bila Advance usijaribu. Hao wanawafungia watu mlango ambao mwongozo wenyewe umeuacha wazi. Kutokuwa na Hisabati ya Juu ni deni. Chuo kimekubali uingie nalo, lakini hakijakusamehe.

Nilimsimulia pia habari ya Elinor Ostrom. Huyu mama wa Kimarekani alipokuwa sekondari hakuruhusiwa kusoma trigonometria, kwa kuwa wasichana wasio na A za hesabu za awali hawakupewa nafasi. Alipotaka kusoma shahada ya uzamivu ya uchumi pale Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, upungufu huo wa hesabu ukamkosesha. Akaenda sayansi ya siasa. Akachunguza jinsi watu wanavyosimamia kwa pamoja misitu, maji na maeneo ya uvuvi, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Binti aliipenda habari ile kupita kiasi, ikabidi nimwambie upande wa pili: Ostrom hakuikimbia hesabu, kazi zake zimejaa nadharia ya michezo, yaani hesabu ya maamuzi ya watu wanaotegemeana, ambayo ni hesabu tupu. Na waliomkosesha trigonometria walimkosea. Sitaki mtu achukue habari yake kuwa ni ruhusa ya kuwanyima wasichana wa Tanga mwalimu wa hesabu.

Aliniuliza pia kuhusu Uingereza, maana alikuwa amesoma kwenye simu. Huko ushindani umesogea mbele zaidi. Cambridge na LSE, chuo cha uchumi cha London, wanataka hesabu ya A-level, yaani ya kidato cha sita chao, kwa shahada ya uchumi, na wanafunzi wao hubishana kama wanahitaji na ile ya ziada, ya juu yake. Vyuo hivyo pia hutumia TMUA, mtihani wa hesabu wa kuombea chuo: karatasi mbili za dakika 75, kila moja maswali 20, bila kikokotoo. Nilimwonyesha maswali machache, si kumtisha, ila aone kwamba dunia nzima mlinzi wa mlango wa uchumi ni yuleyule.

Madafu

Awamu ya pili tuliomba vyuo viwili. Cha kwanza uchumi wa kawaida, cha pili uchumi na uchumi wa kilimo. Kila safu tuliisoma pamoja, yeye akitafsiri kwa sauti, mjomba akisikiliza. Sitaeleza zaidi, ilichukua saa moja na nusu, na hiyo ndiyo saa iliyokosekana Julai. Kabla ya katikati ya Septemba alikuwa amechaguliwa kusoma uchumi katika chuo kimoja cha bara.

Tulikuwa na wiki saba.

Swali la kwanza nililompa lilikuwa analijua: kampuni iliyo peke yake sokoni inazalisha kiasi gani? Akajibu kama kasuku: pale MR inapokuwa sawa na MC, yaani mapato ya bidhaa moja ya ziada yanapolingana na gharama yake. Akachora grafu safi, mstari wa MR ukiwa chini ya mstari wa bei. Nikamuuliza kwa nini uko chini, na kwa nini unashuka kwa kasi mara mbili zaidi. Hakujua. B ya Uchumi, na hakujua. Simlaumu, mtihani haukumuuliza.

Tukaachana na kampuni. Nikamwambia tuchukue muuza madafu aliye peke yake ufukweni Raskazone siku ya Jumapili. Akitaka kuuza mengi lazima ashushe bei. Tuseme bei ni shilingi 1,000 kutoa 20 mara idadi ya madafu. Kila dafu limemgharimu 200. Auze mangapi?

Alianza kwa kubahatisha, na nikamwacha. Madafu 10: bei 800, mapato 8,000, gharama 2,000, faida 6,000. Madafu 30: bei 400, mapato 12,000, gharama 6,000, faida 6,000 tena. Hapo akanyanyua kichwa. Faida ileile pande mbili, basi kilele kiko kati. Akajaribu 20: bei 600, mapato 12,000, gharama 4,000, faida 8,000. Akajaribu 19, akapata 7,980. Akajaribu 21, akapata 7,980.

"Imekaa kama kilima," akasema.

Ndipo nikamrudisha kwenye daftari lake la BAM, ambalo kwa bahati hakulitupa. Mapato ni 1,000 mara idadi, kutoa 20 mara idadi ya kipeo cha pili. Ukifanya difrensiesheni, yaani kutafuta kasi ya mabadiliko, kile kipeo cha 2 kinashuka mbele na kuizidisha 20, inakuwa 40. Kwa hiyo MR ni 1,000 kutoa 40 mara idadi. Ile "mara mbili" aliyoikariri miaka miwili ni hiyo 2 iliyoshuka. Iweke sawa na 200: 40 mara idadi ni 800, idadi ni 20. Mistari mitatu, bila kubahatisha.

Kwa maneno ni hivi: akiuza dafu la ishirini na moja, anapata 580 ya dafu hilo, lakini yale ishirini ya mwanzo yote yameshuka shilingi 20 kila moja, amepoteza 400. Kilichoingia kweli ni 180, na dafu limemgharimu 200. Amepata hasara ya 20. Ndiyo tofauti ya 8,000 na 7,980. Aliiandika mwenyewe pembeni ya ukurasa, akapigia mstari mara mbili.

Mtaala wa BAM una difrensiesheni, integresheni, logariti, matriki, takwimu, uwezekano na upangaji wa mistari. Hivyo karibu vyote ni vyombo vya kazi vya mwanauchumi wa mwaka wa kwanza. Mtoto wa HGE amekaa na kisanduku cha zana miaka miwili akidhani ni kiti. Wiki saba zile hatukugusa kitu nje ya mtaala huo. Tulirudia vitu alivyokwisha kufundishwa, safari hii akiwa na sababu. Pale kwenye logariti alikwama siku nne, na siku ya nne alilia. Mjomba akamletea mihogo na pweza, tukaendelea.

Kwa kijana aliye kidato cha nne sasa, ushauri wangu ni tofauti. Fomu ya tahasusi hujazwa mapema, na baada ya matokeo TAMISEMI hutoa muda wa kubadilisha mtandaoni kabla ya kupangiwa shule. Aliye na C ya hesabu na anayeutaka uchumi, aombe EGM, au mojawapo ya tahasusi mpya zenye hesabu, maana tangu 2024 zimeongezwa mpaka 65. Aliye HGE tayari, akae darasani kipindi cha BAM. C ya BAM ni bora kuliko D, na S inaweza kutosha, lakini sitamani mtu aingie chuo kwa S.

Semesta ya kwanza hisabati kwa wanauchumi alipata 47, C. Takwimu alipata 61. Alinipigia akinung'unikia ile 47, na nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa naogopa chini ya 40.

Likizo iliyopita alikuja Tanga. Yuko mwaka wa pili. Alikaa barazani kwangu na daftari la mistari aliloligawa safu tatu: mwaka, tani za mkonge, bei ya dunia. Alikuwa amezijaza kwa mkono, na pale penye mashaka ameweka alama ya kuuliza kwa penseli.

"Mwalimu, bei ilianza kuanguka kabla ya 1967," akasema. "Babu hakuwa na kosa, lakini hakuwa na safu hii."

"Kwa hiyo ni plastiki?"

Akatikisa kichwa. "Bado sijui. Mambo mawili yamekuja karibu karibu mno, na miaka ni michache. Nikiyaweka pamoja kwenye mlinganyo hayataki kuachana. Inabidi nitafute nchi nyingine iliyolima mkonge na haikutaifisha." Akafunua ukurasa mpya, akaandika juu yake: Brazili.